Encarna Ferrandis, Sikio la Karakana

Ijumaa, tarehe 28 Juni 2019, Encarna Ferrandis anastaafu baada ya miaka arobaini na mmoja katika karakana yetu ya magitaa hapa Valencia.

Alianza mwaka 1978 kwa kupiga msasa. Mwaka wa tatu akahamishiwa kwenye meza ya shingo za magitaa, kupachika vile vyuma vyembamba vinavyoikatiza. Nami nilipokuja kujifunza, somo lake la kwanza lilikuwa fupi: kukaza uzi kunaupa sauti yake ukiwa wazi, yaani bila kubanwa na kidole; chuma ndicho kinachoukata mfupi ili sauti ipande. Uzi wote na nusu yake hulia sauti ile ile, moja chini, nyingine juu. Nusu hiyo iko kwenye chuma cha kumi na mbili. Uzi mnene wa sita alikuwa akiuita mama mkwe, kwa kuwa hauridhiki hata ukiubembeleza.

Wakongwe hawajasahau Machi 1986. Magitaa thelathini ya shule moja ya muziki yalikuwa tayari kufungwa. Encarna akajaribu moja, kisha la pili, kisha yote.

“Don Vicent, hayatoki haya,” alimwambia mwenye karakana.

“Kaza nyuzi, binti. Magitaa hayana kosa.”

“Nimekaza. Uzi ukiwa wazi uko sawa. Nikiubana katikati unapanda kupita kiasi. Nikiulegeza, huku unapona, kule unaharibika. Kosa liko kwenye rula.”

Rula hiyo mpya, ya kupimia mahali pa vyuma, don Vicent alikuwa ameichonga kwa mikono yake. Akamwambia avue aproni aende nyumbani.

Encarna alikaa kwake, mjini Torrent, siku tatu, na mtoto mchanga, mume hana kazi. Anasema alilia, lakini hakujutia. Siku ya nne mlango ukagongwa. Don Vicent alikuwa amesimama ngazini, kofia mkononi.

“Nimepima, Encarna. Nimepita nusu kwa milimita mbili.”

“Nilijua. Nilizisikia.”

“Basi njoo unisaidie kung’oa. Peke yangu naona aibu.”

Waling’oa mbao za shingo zote thelathini. Magitaa yalichelewa wiki sita, ila yalikwenda yakiimba. Kuanzia hapo, hata baada ya mzee kufariki, hakuna gitaa lililotoka kabla Encarna hajasema, “Liende.”

Sasa anahamia Dénia kwa dada yake, Consol, ambaye tunamwonea huruma: vijiko vyake vyote vitakaguliwa sauti.

Encarna, wengi wetu tulidhani tunasikia mpaka ulipotufundisha. Asante kwa kila shingo uliyoturudishia tuirekebishe, hata zile tulizokununia. Kuanzia Jumatatu tutajisikiliza wenyewe, na tunaogopa kidogo. Wewe pumzika, mama. Afya njema, na siku ndefu za amani.