Vidole vya Cheche

Benchi letu liko mbele ya duka la Asbjørg, mahali ambapo jua la Septemba hufika kabla ya kwingine kote bondeni. Kahawa ni bure kwa anayenunua mkate, na sijawahi kuona mtu akinunua mkate. Hapo ndipo tunapokaa sisi wazee wa timu ya kuwinda elki, wale kulungu wakubwa kama farasi. Yuko Gudmund, tunamwita Cheche kwa sababu alichomelea meli maisha yake yote. Yuko Torleiv, Profesa, aliyefundisha useremala shuleni, akastaafu kazi lakini si kufundisha. Na niko mimi, ninayeitwa Kimya kwa kejeli, maana sinyamazi. Asbjørg mwenyewe ni Jemadari, maana akitoka mlangoni na birika lake hata mbwa hukaa sawa. Jumanne hiyo, siku mbili kabla ya uwindaji kufunguliwa, Cheche alikuja amekumbatia bakuli la maganda ya risasi kama mtu aliyebeba mayai, uso umemshuka.

Cheche: Yamepasuka mawili. Jana, uwanja wa shabaha. Shingoni, chaa!

Profesa: Si nilikwambia? Ganda ukilijaza baruti na kulipiga mara nyingi, shingo inakuwa ngumu, inapasuka.

Cheche: Uliniambia lini?

Profesa: Moyoni.

Mimi: Nunua mengine, bwana, mambo yaishe.

Cheche: Nikanunue wapi, Kimya? Bunduki ya marehemu baba hiyo! Maganda yake hayatengenezwi tena. Haya bakulini ndiyo yote.

Hapo nikauelewa uzito wa jambo. Kwetu vituo vya kuvizia hugawiwa kwa kura, na mwaka huu, kwa mara ya kwanza tangu babake afariki, Cheche alikuwa amevuta kile cha kinamasini. Ndipo mzee yule aliposimama kila msimu na bunduki hiyo hiyo. Siku ya kura Cheche alitoka nje akajifanya anapenga kamasi. Sote tulijua analia, na hakuna aliyesema neno.

Jemadari: Yalainisheni shingo kwa moto. Babu yangu alikuwa akifanya hivyo ghalani, gizani, apate kuiona rangi shingo ikianza kuwaka.

Profesa: Giza la nini? Samaki mkunje angali mbichi! Jua hili hili linatosha.

Mimi: Samaki anaingiaje hapa?

Profesa: Anaingia. Cheche, leta jiko lako la gesi. Jemadari, ndoo ya maji. Sikilizeni darasa! Unashika ganda kitakoni kwa vidole vitupu. Unazungusha shingo kwenye moto. Vidole vikishindwa, unaliachia ndooni. Maumivu ndiyo kipimo!

Mimi: Na ukivumilia?

Profesa: Moto unashuka kitakoni. Kitako kikilainika, bunduki inakufumukia usoni. Shingo iwe laini, kitako kigumu. Kinyume cha Kimya.

Jemadari alicheka mpaka kahawa ikamwagikia mbwa. Tukaanza. Profesa alitangulia, akazungusha, akazungusha, macho yakamtoka, akasema "hm" kama mtu anayesoma gazeti, akaachia. Ganda likalia tsss. Nikafuata mimi. Niliungua, jamani! Lakini wenzangu walikuwa wananitazama, basi nikapiga mluzi kidogo na kuachia. Cheche akashika la tatu, uso mkavu kabisa, akaachia baadaye kidogo kuliko sisi.

Profesa: Uliumia?

Cheche: Kuumia ndiyo nini?

Mimi: Huyu si mtu, ni sufuria.

Cheche: Nimechomelea meli miaka yote, mimi. Ngojeni nichukue kitu garini, nisije nikawaaibisha.

Akarudi amevaa glavu ya ngozi ya uchomeleaji, inayofika kwenye kiwiko. Tukampigia makofi. Aliketi na ganda lake motoni, akanywa kahawa kwa mkono wa pili, akatuuliza habari za wajukuu.

Cheche: Mvumilivu hula mbivu!

Jemadari: Mbivu, si iliyoungua. Achia!

Cheche: Halijaiva. Mnaona rangi yoyote hapo?

Kwa jua lile nani angeona rangi? Na furaha ilikuwa imetupanda kichwani. Sisi wawili vidole vitupu, yeye glavu, tsss, tsss, kila anayeachia anashangiliwa, na midomo nayo haikutulia.

Profesa: Mnajua kwa nini shaba ya maganda inakuwa ngumu? Kinyongo! Kila ukiipiga inakumbuka. Moto unaisahaulisha.

Mimi: Mimi nasema elki anasikia. Shingo ngumu inapiga mluzi, yeye anainama, risasi inapita juu. Ndiyo maana nakosaga.

Jemadari: Wewe unakosa kwa sababu unaongea.

Cheche: Shaba ina jinsia, nyie. Ya kike inapasuka kwa hasira, ya kiume kwa uvivu.

Jemadari: Rudia hilo hapa dukani kwangu!

Cheche: Nimesema ya kiume!

Profesa: Haya, sasa siki. Siki na chumvi ndooni, kinyongo kitoke chote mpaka kwenye mizizi.

Jemadari alileta chupa nzima, naye machozi ya kicheko yanamtiririka. Profesa akakoroga kwa fimbo yake. Madoa ya moto yakayeyuka, na maganda yakatoka yanang'aa kama yametoka kiwandani asubuhi hiyo, yote sawa, moja kama jingine. Cheche akatumbukiza mikono, glavu na yote, akayainua juani. Wallahi, sijamwona na uso ule tangu utoto.

Cheche: Baba angeyaona haya! Penye wengi hapaharibiki neno!

Ndipo akafika Ingvild, kasisi wetu mpya, na kofia yake ya baiskeli kichwani, amekuja kununua maziwa. Hajui bunduki hata kidogo. Tukamsogezea nafasi, tukampa mkate wa jibini la kahawia, tukaanza kumfundisha wote kwa pamoja.

Kasisi: Kwa hiyo maumivu ya vidole ndiyo yanayokilinda kitako?

Profesa: Umeelewa haraka kuliko wanafunzi wangu wote.

Kasisi: Na wote mliumia?

Mimi: Sisi ndiyo. Cheche alivaa glavu, huyu hana mpinzani!

Kasisi: Aa. Na yale aliyoshika kwa glavu ni yapi?

Kimya. Si mimi, kimya chenyewe. Profesa aliinamia ndoo, akageuza ganda moja, akageuza lingine. Yote yaling'aa; siki ilikuwa imefuta alama za moto. Jemadari akaja na birika kutuokoa, akaliinamisha juu ya kikombe cha Cheche, likatoa tone moja.

Profesa: Huenda tukiyagonga-gonga, sauti...

Jemadari: Torleiv. Basi.

Cheche aliipakata ndoo. 

Cheche: Hakuna hata moja la kuliamini. Nitasimama kinamasini na fimbo.

Mimi: Chukua bunduki yangu.

Cheche: Na wewe?

Mimi: Kura yangu ilinitupa nyuma ya jalala. Elki gani anapita jalalani? Nitakuja kukubebea birika, na nitafunga mdomo.

Cheche: Mdomo huwezi.

Mimi: Nitajaribu. Kwa ajili ya mzee.

Aliitikia kwa kichwa, polepole. Kisha akavua glavu, akauweka mkono juu ya benchi mbele ya kasisi. Gumba na kidole cha shahada vilikuwa vimevimba malengelenge, meupe, manene.

Jemadari: Yesu wangu! Hayo ya lini?

Cheche: Langu la kwanza. Lile nililoshika kwa mkono mtupu. Liliniuma mpaka nikaona nyota, ndiyo nikafuata glavu.

Jemadari: Sasa si ungesema tu "aa"?

Cheche: Mbele ya hawa? Hawa hawakusema kitu.

Kasisi akageuka kututazama, mimi na Profesa. Sote wawili tulikuwa tumeshaingiza mikono mifukoni.