Laurinda Mauricio, Msomaji wa Prufu wa Rahaleo (1967–2025)

Marehemu Laurinda Mauricio alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 huko Kitaya, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa wazazi waliovuka Ruvuma wakikimbia mabomu upande wa Msumbiji. Mama yake alivuka na mimba kubwa, huku nyuma nyumba yao ikiteketea. Tangu utotoni Laurinda hakuvumilia mtu aanze kusimulia vita vile halafu aruke sehemu. "Halafu?" angeuliza, mpaka wazee wakachoka naye.

Alisoma shule ya msingi Kitaya, kisha sekondari Mtwara mjini, akamaliza kidato cha nne mwaka 1986. Kaka yake Domingo aliacha shule akashika jembe ili mdogo wake asome. Jambo hilo hakulisahau.

Mwaka 1988 aliajiriwa na kampuni ndogo ya vitabu katika mtaa wa Rahaleo, Mtwara mjini, kuwa msomaji wa prufu, yaani mtu anayepitia kurasa za majaribio kabla kitabu hakijachapwa. Jina lake halikuwahi kutokea kwenye jalada lolote, wala hakulalamika. Pale walisoma wawili wawili: mmoja anausoma muswada kwa sauti, mpaka mkato na nukta, mwenzake anafuatilia kwenye prufu. Aliyemsomea alikuwa Paulo. Siku moja Paulo, bila kuinua macho, akasoma: "Laurinda mkato utakubali nikuoe alama ya kuuliza." Akamjibu, "Hiyo haimo kwenye muswada." Hata hivyo walifunga ndoa tarehe 8 Agosti 1992, wakajaliwa watoto wawili.

Mwaka 2021 wavamizi kutoka ng'ambo ya Ruvuma waliingia alfajiri kijijini alikokuwa akilima Domingo. Walichoma nyumba, wakamkata kichwa mbele ya mlango wake, wakakiacha njiani. Laurinda ndiye aliyekwenda kumtambua. Tangu hapo alitaka damu, na tusifichane: aliposikia uvumi kwamba Shabani, muuza dagaa wa Rahaleo, ndiye aliyewaonyesha wauaji njia, alisema angemchinja kwa mkono wake mwenyewe.

Machi 2025 aliletewa prufu za kitabu cha ushuhuda wa shambulio lile. Ukurasa mmoja ulimtaja Shabani waziwazi kuwa msaliti. Laurinda alikuwa na kila sababu ya kuupitisha. Lakini mbele zaidi kitabuni muuguzi mmoja wa Nanyamba alieleza kwamba alfajiri ile Shabani alikuwa zahanati, mkewe akijifungua, na ndiye aliyesaidia kuwashusha majeruhi garini. Laurinda akapanda bodaboda hadi Nanyamba, akamsikia muuguzi kwa masikio yake, akarudi kuzuia kitabu kisichapwe.

Mwandishi alifoka. "Hiyo ni damu ya kaka yako, mama!"

"Ndiyo. Kwa hiyo usiichanganye na damu ya mtu asiyehusika."

Kwa hasira, mwandishi akaupiga picha ukurasa ule na kuusambaza WhatsApp. Asubuhi ya tarehe 2 Aprili vijana wenye mapanga walivunja madirisha ya Shabani kwa mawe, wakamwaga petroli ukutani, watoto wakipiga mayowe ndani. Aliyewaongoza alikuwa Fadhili, mtoto wa Domingo, ambaye Laurinda alimlea mjini tangu darasa la tatu, miaka mingi kabla baba yake hajauawa. Laurinda alifika mbio, akasimama mlangoni.

"Shangazi, toka! Huyu ndiye aliyemuuza baba!"

"Si yeye. Wewe umesoma ukurasa mmoja. Mimi nimekisoma chote."

Wenzake Fadhili wakasukuma, Shabani akachungulia, Fadhili akainua panga kumkata. Lilimpata Laurinda kichwani. Vijana wakatupa mapanga wakamzunguka, na hapo Shabani na wanawe wakatokea mlango wa nyuma wakiwa hai.

Marehemu alifanyiwa upasuaji, lakini jeraha lilikuwa limeingia ndani mno. Alipopata fahamu aliuliza kama ukurasa ule umeondolewa kitabuni. Paulo akamwambia umeondolewa. Alifariki dunia tarehe 23 Aprili 2025, mumewe akiwa ameshika mkono wake. Inauma, na itaendelea kuuma.

Ameacha mume, Paulo, watoto, Nilza na Mauricio, wajukuu watatu, na Fadhili, aliye mahabusu. Ndugu wengi walitaka jina hilo liondolewe hapa, na hasira yao tunaielewa. Lakini Laurinda mwenyewe aliagiza kitandani: "Mwandikeni pamoja na wanangu. Nimemlea mimi." Tumemwandika.

Mungu ampe Laurinda pumziko, na amani yake isimwache.