Mikono ya Vitalia

Marehemu Vitalia Bernadi alizaliwa Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa, tarehe 4 Mei 1961. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Bernadi, mvuvi, na mama Lidia. Alisoma hapo hapo Lituhi, akamaliza darasa la saba mwaka 1975. Mimi mumewe sikusoma. Barua za nyumba yetu alisoma yeye.

Tulifunga ndoa parokiani Matiri tarehe 18 Oktoba 1980. Kwao hawalimi ngolo. Huku mume hufyeka nyasi na kuzilaza miraba miraba, mke huzifukia kwa udongo, shimo hubaki katikati. Mwaka wa kwanza mama yangu alimtazama, akasema, "Huyu wa ziwani anafukia samaki?" Mwaka wa pili hakuna aliyemfikia. Ngolo, maharage, kahawa, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Ugonjwa ulianza Desemba 1984, miezi minne baada ya kumzaa Stanslaus. Vidole vilivimba. Asubuhi hakuweza kujifunga kitenge, nikawa namfunga mimi. Alipobeba mimba ya Hilda, mikono ilifunguka. Machi 1988 alifukia shamba zima akiwa na tumbo. Alijifungua Juni. Kufika Septemba mikono ilikuwa imefunga tena.

Wazee wa ukoo wakaniambia, "Dawa yake umeiona. Mbebeshe nyingine." Yeye alisema amechoka. Sikumsikia.

Flavia alizaliwa tarehe 9 Julai 1991. Mwezi mmoja kabla, mama yake alikuwa anachuma kahawa huku anaimba. Oktoba vidole vikapinda, havikunyooka tena. Ndipo dada yangu Benadetha akasema, "Mtoto huyu ameondoka na mikono ya mama yake." Neno likaenea. Flavia amekua nalo. Juzi, wakati wa kumwosha mama yake, alitolewa nje.

Tangu vidole vipinde, kufukia ngolo nilifanya mimi. Wanawake wakipita njiani waliuliza, "Mzee Nicolaus, leo kitenge umekiacha wapi?" Marehemu alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni. Aliwajibu, "Mwacheni mke mwenzangu afanye kazi."

Mwaka 2016 Flavia alimpeleka kwa daktari wa viungo. Nilikuwepo. Daktari alisema, "Mama, kinga ya mwili wako inapigana na viungo vyako mwenyewe. Ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake. Ukiwa mjamzito, homoni za mimba huituliza. Ukijifungua, homoni zinashuka, kinga inaamka."

Marehemu akauliza, "Kwa hiyo si mtoto?"

"Si mtoto, mama. Wala hukurogwa."

Tulipofika nyumbani aliniambia, "Baba Kiliani, wewe ndiye unayesikilizwa kwenye ukoo. Waambie." Nikasema nitawaambia. Sikuwaambia. Wangeuliza ile mimba ya Flavia aliitaka nani. Miaka tisa, kila asubuhi nikimfunga kitenge, aliuliza, "Umewaambia?" Nikajibu, "Bado."

Februari mwaka huu mapafu yalimbana. Alilazwa wiki tatu. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na mitatu. Flavia ndiye aliyekuwa amemshika mkono.

Leo asubuhi nilikikung'uta kitenge chake, nikasimama namngoja. Nilimsikia akiuliza.

Sasa nasema mbele ya kaburi, ukoo wote usikie. Flavia hakuchukua kitu cha mama yake. Mimba ile niliitaka mimi. Baada ya mazishi kusiwe na kikao cha kuuliza nani kamuua. Wa kuulizwa nipo. Na udongo wa kwanza atautia Flavia. Dada Benadetha, mpishe apite.

Marehemu ameacha mume, watoto wanne, Kiliani, Stanslaus, Hilda na Flavia, wajukuu tisa, na mdogo wake Celestina aliyetoka Lituhi kuja kumzika.

Mama Kiliani, nimewaambia. Pumzika kwa amani, mikono yako ikiwa wazi.