Sista Walburga na Upande wa Kulalia

Tarehe 30 Juni mwaka huu Sista Walburga Komba anastaafu, baada ya miaka thelathini na mitano katika wodi yetu ya kifua hapa Songea. Kabla sijamsifu, niseme nililoficha tangu mwaka 2006. Ripoti ya kifo cha mgonjwa wetu Polikarp, iliyomnyima Sista cheo mara mbili, ina uongo. Ukweli wake ninao mimi, niliyekuwa daktari mkuu wa wodi. Nina miaka sabini na sita, moyo umechoka, na sitaki aondoke na doa lisilo lake.

Walburga alifika mwembamba, mwenye sauti ya kusikika mpaka Majengo. Mgonjwa akisema anakohoa damu, hakuandika neno kabla ya kuiona. Alimpa bakuli jeupe: "Kohoa humu, baba, tuitazame wote." Nyekundu yenye povu ilitoka kifuani, nyeusi yenye mabaki ya chakula ilitoka tumboni. Mama mmoja wa Namasakata alikuwa amehangaika miezi mitatu, akijiona ana kifua kikuu. Sista akammulika puani kwa tochi, akakuta kidonda kinachovuja. "Kifua chako kizima, mama. Pua ndiyo inayokisingizia!" Wodi nzima ikacheka, na mama mwenyewe akacheka.

Sisi madaktari tulikuwa wepesi wa kuandika TB kwa kila anayekohoa damu. Yeye aliuliza: makohozi yamepimwa? Moyo umesikilizwa? Mzee anavuta tumbaku? Mwalimu Eufrasia alimaliza dawa za TB, damu ikaendelea. Sista akang'ang'ania apimwe moyo, vali, mlango wa damu ndani ya moyo, ikakutwa imebana. Mwalimu bado anafundisha. Wenye saratani hakuwadanganya, wala hakuwakimbia.

Alilofundisha hata wafagizi ni hili: mtu akikohoa damu nyingi, alalie upande wa pafu linalovuja, ili damu isifurike kwenye pafu lile jingine lililo salama. Wapo wanaotembea mjini leo kwa sababu ya somo hilo.

Asante, dada yetu. Tunakuombea usingizi usiokatizwa na mwito wa wodi, na mahindi yaliyonona huko Msamala.

Sasa Polikarp. Alikuwa seremala, mwenye shimo la TB ya zamani kwenye pafu la kulia. Damu ilipoanza kumtoka kwa wingi, niliitundika picha ya eksirei kinyume, nikaliona shimo kushoto, nikaamuru alalie kushoto. Sista akasema, "Daktari, picha umeigeuza." Nikamjibu mbele ya wagonjwa, "Wewe nesi, mlaze nilivyosema." Akasema tena. Nikamgeuza mgonjwa kwa mikono yangu mwenyewe. Polikarp alikufa ndani ya dakika kumi, pafu lake la kushoto, lililokuwa salama, likiwa limejaa damu. Kisha nikaketi, nikaandika kwenye ripoti kwamba nesi alimlaza vibaya bila kuniuliza.