Usije na Nyundo

KHALFANI: Haloo! Haloo, nani mwenzangu? Paza sauti, huku gereji wanagonga bati.

NAJMA: Shemeji, mimi Najma. Shikamoo.

KHALFANI: Marahaba. He! Leo umetukumbuka watu wa petroli? Dada yako anasema tangu uingie kwenye hizo gari za umeme huna hata muda wa kuja kula.

NAJMA: Shem, nina swali dogo tu.

KHALFANI: Hata hali hujaniuliza.

NAJMA: Hamjambo? Watoto? Dada Hajira mzima?

KHALFANI: Wazima. Haya, uliza.

NAJMA: Ulipokuwa fundi kule Radi... zile gari za umeme za kwanza. Mlango ukigoma kufunguka, mlikuwa mnafanyaje?

KHALFANI: Ukigoma kwa nje au kwa ndani?

NAJMA: Kwa ndani.

KHALFANI: Nani yuko ndani?

NAJMA: Hamna mtu. Kuna mteja kauliza, nikaona nikuulize wewe mta—

KHALFANI: Mbona nasikia watu wanagonga kioo?

NAJMA: Ni watu tu wa—

KHALFANI: Najma. Uko wapi?

NAJMA: Kariakoo. Barabara ya Msimbazi, pale unapoingilia Mtaa wa Mkunguni. Gari imezima yenyewe katikati ya barabara, milango ikajifunga. Vioo havishuki. Kiyoyozi kimekufa. Nimo humu nusu saa sasa.

KHALFANI: Ya Rabi! Saa saba mchana, jua hili? Nakuja. We kijana Fikirini! Nipe nyundo ile—

NAJMA: Usije na nyundo! Shem, nakuomba. Usije hata na bisibisi. Hii gari ya kampuni. Imepigwa lakiri, akigusa fundi wa nje tu, aliyekabidhiwa gari anafukuzwa siku hiyohiyo. Na aliyekabidhiwa ni mimi.

KHALFANI: Kwa hiyo ufe na lakiri yako?

NAJMA: Sijafa. Nina maji nusu chupa. Nimevua mtandio. Kuna mama anauza vitenge hapa, kanihurumia, kanitandikia kitenge kwenye kioo cha mbele mpaka vya pembeni nisipigwe jua. Sasa hata nje sioni. Nasikia tu wanavyonicheka.

KHALFANI: Wanasemaje?

NAJMA: Mwenye mkokoteni mmoja anapiga kelele nikanunue umeme wa luku.

KHALFANI: (anacheka) Samahani, shem. Nimeshindwa kujizuia.

NAJMA: Cheka tu. Si ulisema? Siku ile Magomeni, mbele ya ukoo mzima, umeshika sahani ya pilau, ukasema kampuni ya gari za umeme haitasimama Bongo hii.

KHALFANI: Sikusema hivyo. Mnanisingizia. Nilisema uwaulize ufunguo wao unakaa wapi.

NAJMA: Ndiyo yaleyale. Shem, Radi walikufa kwa sababu hawakuwa na vituo. Dereva alikuwa anatafuta pa kuchajia kama anatafuta maji. Sisi Kipepeo tuna vituo vitatu, hapo Upanga peke yake kuna—

KHALFANI: Najua.

NAJMA: Pikipiki za umeme zinatembea mjini, hazitembei? Bajaji hazitembei? Mafuta kila mwezi yanapanda. Kwa nini gari zishindwe?

KHALFANI: Gari hazishindwi. Nani kakwambia mimi nauchukia umeme? Ile mota ukiikanyaga inaondoka kama imeitwa na mama yake. Haipigi kelele, haimwagi oili. Nimeshika injini miaka ishirini, sijaona kitu kizuri kama kile. Mimi ndiye niliyelia Radi ilipofungwa, muulize dada yako.

NAJMA: Sasa?

KHALFANI: Sasa niambie, hiyo skrini inaandika nini?

NAJMA: "Wasiliana na ofisi." Maandishi ya njano.

KHALFANI: Chaji imebaki ngapi?

NAJMA: Sabini na mbili.

KHALFANI: Basi haijaharibika, shem. Gari nzima kabisa hiyo. Imefungwa.

NAJMA: Imefungwa na nani? Niko peke—

KHALFANI: Na aliye ofisini. Anakuona kwenye ramani, anabonyeza, unalala. Ndiyo maana nikasema uulize ufunguo. Radi hawakuuawa na vituo. Ufunguo ulikuwa ofisini, ofisi ikafunga mlango, gari arobaini zikafa siku moja zikiwa zimejaa chaji. Haloo? Unanisikia?

NAJMA: (mtandao unakwaruza) ...nakusikia nusunusu. Sogea.

KHALFANI: Nimetoka nje. Ulikuwa unaenda wapi na hiyo gari?

NAJMA: Kwako.

KHALFANI: Kwangu?

NAJMA: Hapo gereji kwako, Gerezani. Nilitaka nikuoneshe. Nikupigie honi hapo mlangoni, uache kunisema. Asubuhi nikamwambia bosi, Severine, kwamba nitapita kwa shemeji yangu, fundi wa zamani wa Radi.

KHALFANI: Akasemaje?

NAJMA: Alitabasamu tu. Akasema Gerezani kuna vumbi.

KHALFANI: Vumbi.

NAJMA: Shem, unawaza nini? Usinyamaze hivyo, humu nikisikia kimya napata woga.

KHALFANI: Juu ya kichwa chako kuna taa ya ndani. Ile ya kusomea. Bandua kifuniko chake, kinatoka kwa kucha.

NAJMA: Lakiri—

KHALFANI: Taa haina lakiri. Bandua.

NAJMA: Ngoja... kigumu. Kucha zangu nimepaka hina juzi tu... kimetoka.

KHALFANI: Angalia upande wa ndani wa kifuniko. Kuna kitu kimechorwa?

NAJMA: Giza humu, kitenge cha watu hiki... Kipo. Kimekwaruzwa na msumari. Herufi. KH. Halafu kumi na saba.

KHALFANI: Rudia hiyo namba.

NAJMA: Kumi na saba. Kwani nini?

KHALFANI: Hayo ni maandishi yangu.

NAJMA: Yako vipi?

KHALFANI: Gari za Radi zilipofika, walinipa kazi ya kuchora namba kwenye vioo na taa, kama watu wote mjini wanavyofanya, wezi wasije wakang'oa. Nikachora zote arobaini. Na ndani ya ile taa nikaweka alama yangu mwenyewe. Siku kitu kikiletwa hapa Gerezani kuuzwa, nikijue. Vioo wamebadilisha hao mabwana, rangi wamepiga, kipepeo wamebandika. Taa hawakuifikiria. Ndiyo maana bosi wako hakutaka nione gari hii.

NAJMA: Hapana. Zilikuja mpya, shem. Nilionyeshwa zinashushwa kwenye kontena.

KHALFANI: Uliona zikishushwa. Uliona zikipakiwa?

NAJMA: Kupakiwa sikuona.

KHALFANI: Zimelala yadi hapahapa mjini miaka mitatu, wakazitia kwenye kontena mzione zikishuka. Umekaa kwenye namba kumi na saba. Namba tisa ilikuwa ya Mzee Uledi, dereva teksi wa pale Mnazi Mmoja. Sijui kama unamfaha—

NAJMA: Namfahamu.

KHALFANI: Unamfahamu vipi?

NAJMA: Ndiye mteja wangu wa kwanza. Juzi nilimkalisha kwenye gari yake mpya. Akajisogeza hivi, akajisogeza, akaniambia, "Binti, kiti hiki kama kinanijua mgongo." Tukacheka wote.

KHALFANI: Kinamjua kweli.

NAJMA: Shem, leo wanasaini. Madereva kumi na wawili, nimewatafuta mmoja mmoja, kijiwe kwa kijiwe, miezi minane. Wanaacha teksi zao za petroli pale ofisini, wanapewa Kipepeo. Lori la kupeleka hizo teksi mkoani lipo nje ya ofisi, linaondoka leoleo.

KHALFANI: Na Kipepeo wakizima siku moja, mzee anabaki na nini?

NAJMA: Usiniulize.

KHALFANI: Teksi haipo, na hiyo nyingine ni banda la kuku.

NAJMA: Nimesema usiniulize! ...Mimi nilitaka iwe kweli. Unanielewa? Nilitaka kitu kimoja tu katika mji huu kiwe kweli, na mimi niwemo.

KHALFANI: Nakuelewa kuliko mtu yeyote.

NAJMA: Huelewi. Wewe ulikuwa fundi, mimi ndiye niliyesema maneno.

KHALFANI: Najma, sikiliza. Ofisi ya Radi ilipofungwa, mimi nilijua siku ya tatu kwamba gari hazitawaka tena. Mlinzi aliniambia. Na Mzee Uledi akawa anakuja kwangu kila asubuhi, kanzu imepigwa pasi, anauliza, "Fundi, leo?" Namwambia, kesho itawaka, mzee wangu. Kesho itawaka. Siku arobaini.

NAJMA: Kwa nini hukumwambia?

KHALFANI: Aliniamini. Mtu akishakuamini unaona haya kuwa wa kwanza kusema. Unangoja mwingine aseme. Hakuna mwingine. Mpaka leo nikimwona msikitini nabadilisha safu. Hili hata dada yako halijui.

NAJMA: (anakohoa) Shem, hewa inaisha humu. Nasikia kizunguzungu.

KHALFANI: Kunywa hayo maji. Sasa nenda kiti cha nyuma. Chini ya mto, kona ya kulia, kuna tundu lenye mpira. Ndani kuna waya mwekundu una kitanzi. Ukivuta, mlango wa nyuma unafunguka kwa mkono, ofisi itake isitake. Waliuweka kwa ajili ya ajali.

NAJMA: Naingia nyuma... ngoja, baibui limenasa... nimefika. Mpira nimeutoa.

KHALFANI: Vuta.

NAJMA: Hakuna kitanzi.

KHALFANI: Ingiza vidole zaidi.

NAJMA: Nimeingiza. Kuna kipande kifupi cha waya. Kimekatwa, shem. Kimekatwa na koleo, kimenichoma kidole.

KHALFANI: Wamekata? Washenzi hawa! Wa Radi walikuwa wezi, lakini mtu akitaka kutoka alitoka! Haya, waambie hao vijana wa nje wavunje kioo.

NAJMA: Wanataka, mimi ndiye nawakataza. Tangu mwanzo nawakataza. Ngoja, ujumbe umeingia. Ni Severine.

KHALFANI: Soma.

NAJMA: "Pole na joto, dada. Mzee Uledi kakataa kusaini mpaka asikie sauti yako. Mwambie asaini, nakufungulia sekunde hiyohiyo."

KHALFANI: Anasubiri sauti yako?

NAJMA: Mimi ndiye niliyemwambia! Jana. Nikamwambia, mzee, usishike kalamu mpaka unisikie mimi. Nilidhani namlinda. Nilidhani nitakuwa nimekaa pale, pembeni yake.

KHALFANI: Na wengine?

NAJMA: Wanamwangalia yeye. Akisaini wanasaini, akinyanyuka wananyanyuka.

KHALFANI: Basi unatoka kwa neno moja.

NAJMA: Neno moja. "Saini." Nafunguliwa, napata hewa, kesho naamka nina kazi. Halafu kila siku napita Mnazi Mmoja nikijua. Na nikisema asisaini, nabaki humu, na kazi sina, na nani ataniajiri tena? Yule aliyeua kampuni siku ya kwanza? Shem, niambie niseme nini.

KHALFANI: Sikwambii.

NAJMA: Niambie, wewe mkubwa!

KHALFANI: Mimi mkubwa nilishindwa siku arobaini. Nitakwambia nini?

NAJMA: Simu ina asilimia tatu. Gari ya umeme na haichaji hata simu. (anacheka, analia) Sabini na mbili huko, tatu huku.

KHALFANI: Usiongee sana basi. Tunza.

NAJMA: Inaingia simu nyingine. Shem, ni yeye. Mzee Uledi anapiga.

KHALFANI: Pokea.

NAJMA: Nikipokea wewe unakatika.

KHALFANI: Acha nikatike. Pokea, asije akasainishwa hivihivi.

NAJMA: Shem, kutoka kwako mpaka hapa kwa miguu ni dakika ngapi?

KHALFANI: Kumi na tano. Nikikimbia, nane.

NAJMA: Kimbia. Njoo na nyundo.

KHALFANI: Umesema—

NAJMA: Ile kubwa. Na ukifika, mwambie yule mama atoe kitenge chake kwanza, kisichanike. Napokea, shem, mzee wa watu anangoja. Kwaheri. Dada mwambie—

(simu inakatika)

KHALFANI: Najma? Haloo? ...Fikirini! Acha hiyo giaboksi. Nyundo!