Habari ya Placide Ilifika Mbio

Mheshimiwa Msimamizi wa Teritware, yaani wilaya yetu, Daktari wa kituo chetu cha afya, Padri, Sheikh, ndugu wauguzi, na wewe Mama Dieudonnée uliyetoka Wamaza kwa pikipiki, tope hadi magotini: nawasalimu nyote.

Mimi ni mtu wa redio; nimezoea kueleza kilichotokea. Mwaka jana mgeni kutoka Kinshasa alituonyesha akili bandia ikiandika programu ya kuwapelekea ndugu habari za wagonjwa wao. Kabla ya chakula cha mchana ilikuwa tayari. Tulipiga makofi. Mgeni akamgeukia Estelle, fundi wetu wa programu: "Binti, sasa wewe utafanya kazi gani?"

"Iko mbio, papa," Estelle alijibu. "Lakini iko inakimbilia nani?"

Tulicheka, tukaanza kuitumia. Nani alikuwa na muda wa swali hilo?

Baadaye Placide, mume wa Mama Dieudonnée, alifariki hapa kituoni. Programu haikukosea hata herufi. Ilimtafuta mtu wake wa karibu kuliko wote, ikamwandikia papo hapo kwenye simu. Mama alikuwa shambani peke yake, jembe mkononi, mtoto mgongoni.

Je, nani kati yetu hajui msiba unavyopelekwa kwetu? Mjane haandikiwi. Kwanza anaambiwa shemeji au mjomba; huyo anakuja, anaomba maji, anakaa, majirani wanasogea mlangoni, ndipo anaposema. Mashine haikuwa na mahali pa kuyasoma hayo. Sisi tuliyajua, na mikono yetu ilikuwa kwenye makofi.

Estelle alikwenda Wamaza. Hakupeleka maelezo. Alikaa mkekani mpaka mama alipozungumza: "Mutoto wangu, sikukuwa na mutu wa kunishika."

Akarudi, akaandika upya. Akili bandia bado anaitumia, na inamsaidia. Lakini kila mstari anausoma akimfikiria atakayeupokea. Mgeni wetu alilalamika kwamba binti huyu anachelewesha maendeleo. Ni kweli, Estelle, umeyachelewesha: kwa muda ule ule unaomtosha shemeji kufika mlangoni.

Programu tunayofungua leo, mgonjwa akifariki, inamwandikia mtu aliyechaguliwa na familia yenyewe. Inamwambia: nenda ukakae naye.

Mama Dieudonnée, Estelle anaomba wewe ndiye uiwashe. Shemeji yako yuko hapo kando yako. Njoo naye.

Nanyi nyote, asanteni kwa kunipa masikio yenu.