Chupa Nyekundu ya Bi Chembe

Ndugu, majirani na wenzetu wa kazini, nimeombwa niyasome mwenyewe maisha ya mke wangu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Chembe, na nitajitahidi kuwa sahihi, maana yeye asingenisamehe tarehe iliyokosewa.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1962, mtoto wa nne kati ya saba wa fundi saa na mkunga, na ni katika kibanda cha baba yake, akiwa amebana kioo cha kukuzia jichoni, ndipo alipoanza kuuliza kitu kinaweza kuwa kidogo kiasi gani na bado kikabaki kuwa kitu kilekile. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1975, sekondari mwaka 1981, akapata shahada ya kemia mwaka 1985 na ya uzamili mwaka 1989, kisha tarehe 2 Januari 1990 akaajiriwa katika maabara ya chuo kikuu, ambako mimi nilikuwa mkutubi, naye hakurudisha kitabu hata kimoja kwa wakati. Tulifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1991, tukajaliwa binti, ambaye ni muuguzi, na mwana, ambaye ni fundi umeme.

Kazi yake ilikuwa dhahabu, lakini si ya kuvaa. Alitengeneza chembe ndogo mno, ambazo elfu tano zikipangwa bega kwa bega ndipo zinafikia unene wa unywele, na katika udogo huo dhahabu huacha umanjano wake, ikawa nyekundu ndani ya maji, na chembe zikishikana huwa zambarau. Mwaka 2004 alihamia kiwanda cha vipimo vya haraka, na kama umewahi kusubiri mstari mwekundu kwenye kipimo cha malaria, huenda ulikuwa ukiitazama dhahabu hiyo. Alishiriki pia kuunda bandeji zenye chembe za fedha kwa walioungua. Hata madukani aliuliza kila kitu kina chembe gani ndani yake, hadi mwenye duka la rangi akaniomba niwe naenda mimi, kwa kuwa "mama ana maswali kuliko manunuzi."

Tarehe 17 Juni 1996 alijaza chupa ndogo maji yake ya dhahabu, akaiweka kwenye rafu ya jikoni ili ajue itabaki nyekundu miaka mingapi, na kila tarehe mosi aliandika daftarini neno moja, nyekundu. Mjomba wangu nusura ainywe akidhani ni sharubati.

Tarehe 11 Agosti 2023 aligundulika ana saratani ya kongosho, na alipolazwa, chupa ikawa dhamana yangu. Tarehe 6 Januari 2024 niliona maji yamepungua vidole viwili, nikajazia ya bomba, na kabla ya chakula cha jioni ilikuwa zambarau. Kwa siku tatu alipoiulizia nilijibu tu kwamba ipo, hadi binti yetu akaniambia, "Baba, mwambie, usimfiche mama kitu anachokingoja."

Nilimwambia. Nilijua nimemnyang'anya jibu lake la mwisho, lakini yeye akauliza, "Ya bomba? Kiasi gani? Ilianza kugeuka saa ngapi?" Sikujua. "Miaka yote hii na mimi, mume wangu, na hujajifunza kuandika saa!" Alicheka hadi muuguzi wa zamu akaja, kisha yeye mwenyewe akaomba daftari, akaandika kwa mkono wake: maji ya bomba, yana chumvi, chembe zimeshikana, nyekundu kwa miaka 27, miezi 6, siku 20. Kisha akaagiza nyingine itengenezwe, na mwenzake wa kiwandani akaileta tarehe 22, naye mke wangu akaishika mbele ya dirisha kwa muda mrefu.

Alifariki tarehe 2 Februari 2024, saa nne asubuhi, binti yetu na mimi tukiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao walijibu maswali yake yote, majirani waliotupikia, na wenzake wa maabara na kiwandani.

Mke wangu, leo kabla ya kuja hapa nimefungua daftari lako, nikaandika: nyekundu, saa kumi na mbili na dakika arobaini. Pumzika kwa amani, saa nitaziandika mimi.